Pikipiki ya Mwanetu na Miezi Mitano ya Subira



Wapenzi wasomaji, juma hili tumerejea kutoka Kisumu, safari ya pili katika muda wa miezi mitatu. Wengi wenu mwajua kuwa tuna dada yetu aliyeolewa huko zamani, akajenga, akazaa, na sasa husema Kijaluo kama mwenyeji. Safari ya kwanza hatukuipanga. Dada yetu alitupigia simu usiku baada ya Isha, akasema maneno matatu tu: "Mwanao amenunua pikipiki." Kisha akalia.

Pengine msomaji atajiuliza, pikipiki ina ajabu gani? Mombasa, Malindi na Lamu zimejaa, na Kisumu ndiyo zaidi. Mji ule ulizoea bodaboda tangu enzi za baiskeli zenye kiti cha sponji nyuma, kazi iliyoanzia mpakani Busia, ambako abiria walivushwa kutoka upande wa Kenya hadi wa Uganda. Baiskeli zikapungua, pikipiki zikachukua nafasi. Dada yetu mwenyewe huzipanda akienda soko la Kibuye.

Lakini hii haikuwa bodaboda. Kijana wetu, mwalimu wa shule moja upande wa Maseno, alikuwa ameweka akiba miaka mitatu. Hakukopa, na hilo twamshukuru Mungu, maana hapana riba ndani yake. Kwa akiba hiyo alinunua Kawasaki Ninja ya 249 cc, iliyokwisha tumiwa na watu wawili kabla yake: pikipiki ya michezo, yenye silinda mbili, kifua kilichofunikwa kwa plastiki ya kijani, usukani mfupi ulioshuka chini, na kiti kinachomlaza mwendeshaji juu ya tangi kama mtu anayenong'ona na farasi.

Tulipofika tulikuta nyumba imegawanyika. Mama alikuwa hajasema na mwanawe siku tisa. Kijana aliondoka baada ya Alfajiri na kurudi Magharibi. Mama akisikia mlio wa injini langoni, hujifungia chumbani. Alipotufungulia mlango alitwambia, "Siwezi kulibariki jeneza." Baba mtu, ambaye ni mpole kupita kiasi, alikuwa anakula peke yake.

Hatutawaficha: tulikwenda tukiwa na hotuba. Tuliitunga njiani usiku kucha, tukapanga kumwamuru aiuze. Tukaketi uani kumngoja.

Alipoingia, hotuba ilituishia kooni. Mtoto wa miaka ishirini na sita alishuka pikipikini kama mzee wa miaka themanini. Alishika kiuno kwa mkono mmoja, akakunja na kukunjua vidole vya mkono wa pili, kisha akazungusha shingo mpaka ikalia. Akatuamkia kwa adabu, "Shikamoo, mama mdogo." Tukaitikia. Akakaa kwenye ngazi, akanyamaza kidogo, akasema, "Nafikiri nimenunua kitu ambacho mwili wangu haukitaki. Na sina wa kumwambia, maana hapa nyumbani nikisema naumwa, nitaambiwa ni malipo yangu."

Maneno haya ya mwisho ndiyo yaliyotugeuza. Kijana alikuwa na maumivu, na juu ya maumivu alikuwa na siri. Tukamuuliza, "Wapi panapouma?" Akatuonyesha vifundo vya mikono, shingo, na mgongo wa chini.

Kesho yake tukafuatana naye hadi kwa fundi mmoja wa makamo huko Kondele, mtu aliyezitengeneza pikipiki tangu ujana wake. Sisi tulikaa kwenye benchi na buibui letu, vijana wa pale wakatuletea soda kwa heshima. Fundi hakuiangalia pikipiki kwanza. Alimwambia kijana apande, akae kama anavyokaa barabarani. Akamtazama kwa muda, akasema: "Pikipiki hii imeshonewa aliyekuuzia. Wewe umevaa kanzu ya mtu mwingine."

Sisi wanawake tukaelewa mara moja. Nani kati yetu hajawahi kuvaa nguo ya kuazima arusini, akakaa usiku mzima akijivuta?

Akaanza kumfundisha, nasi tukisikiliza. Pikipiki ya michezo imeundwa ili mwendeshaji ainame, na katika mwendo wa kasi upepo humbeba kifua. Lakini mjini, katika msongamano wa Kondele na matuta yasiyokwisha, hakuna upepo wa kumbeba. Uzito wote wa kiwiliwili huangukia mikononi. Basi asiyejua huegemea usukani kama anavyoegemea meza, vifundo vikafa ganzi, mabega yakapanda masikioni, shingo ikakaza. Dawa yake ni kushika tangi kwa mapaja, kuuachia mgongo na tumbo kazi ya kukibeba kifua, na kulegeza viwiko mpaka mtu aweze kuvipigapiga kama mbawa za kuku. Usukani ushikwe kama yai. Mkono ukiukaza, hata kijiwe kidogo barabarani humtikisa mwendeshaji, naye akaitikisa pikipiki, na pikipiki ikamtikisa tena.

Kisha akachukua spana. Vishikio vya breki na klachi vilikuwa vimeinuliwa juu, kijana akilazimika kukunja vifundo kila anapovigusa. Akavishusha mpaka vidole na mkono vikawa mstari mmoja. Waya wa klachi ulikuwa umekazwa mno, akaulegeza kidogo. Springi ya nyuma ilikuwa imewekewa mtu mzito kuliko yeye, ndiyo maana kila tuta lilimpiga mgongoni, akailainisha. Mnyororo ulikuwa mlegevu, na ndio uliofanya pikipiki kurukaruka kila anapoongeza mafuta. Akauvuta, akaupaka mafuta. Kazi yote haikuzidi saa mbili, na nyingi haikuhitaji kununua kitu.

Lililohitaji fedha lilikuwa moja. Fundi aliinama, akasugua ubavu wa tairi la nyuma kwa kitambaa, akatuita tuone. Kila tairi lina tarakimu nne mwisho wa maandishi yake: mbili za kwanza ni juma lililotengenezwa, mbili za mwisho ni mwaka. Tairi la kijana wetu lilikuwa na meno mazuri, yanayong'aa, lakini tarakimu zilisema limepita miaka tisa. Mpira huzeeka hata ukikaa tu. Hukauka, ukawa mgumu kama soli ya kiatu kilichoachwa juani, na katika mvua haushiki lami. Na Kisumu, jamani, mvua ya ziwani huja alasiri bila ya kubisha hodi. Aliyemuuzia alimwambia tairi ni zuri, na kwa macho lilikuwa zuri.

Hapo tulimwona kijana akisawijika. Alikuwa amekwenda na kurudi Maseno juu ya tairi lile siku tisa. Tukampa nusu ya bei, nusu akatoa mwenyewe. Tukamuuliza pia juu ya karatasi: je, umiliki umehamishwa kwa jina lake kwa Mamlaka ya Kitaifa ya Uchukuzi na Usalama, na leseni yake je, ina daraja la A2 la pikipiki, au ni ya gari tu? Alhamdulillahi, hayo alikuwa ameyakamilisha kabla ya kulipa salio, pamoja na bima. Vijana wengi huanza na rangi ya plastiki na kumaliza na karatasi. Yeye alianza na karatasi.

Usiku huo tukazungumza na dada yetu. Hatukumwambia hofu yake ni ya bure, kwa sababu si ya bure. Tulimwambia jambo moja tu: "Mwanao ameendesha siku tisa juu ya tairi bovu, na angeweza kukwambia mikono inamfa ganzi, na wewe ungeuliza kwa nini. Kunyamaza kwako hakukumshusha pikipikini. Kumemwacha juu yake peke yake." Alilia tena, lakini asubuhi alitoka chumbani kabla ya kijana kuondoka, akamwekea chai na mahamri, akakaa mbele yake bila ya kusema. Ilitosha kwa siku ya kwanza.

Ndipo mazoezi yakaanza, na tunayasimulia kwa kirefu kidogo kwa sababu wengi wenu mna vijana, na baadhi yenu ninyi wenyewe mwaendesha.

Kijana alidhani kuzoea pikipiki ni kwenda nayo mbali. Fundi alimwambia ni kinyume: aanze kwa mwendo wa pole kabisa, maana pikipiki hii ni nzito kuliko Boxer aliyofunzwa nayo, usukani wake haugeuki sana, na ukiinama kidogo ikiwa imesimama, mguu usipokuwa imara, inalala. Jumapili mbili, baada ya Alfajiri, alikwenda kwenye uwanja wa shule uliotiwa lami. Akajifunza kuicheza klachi pale inapoanza kushika, kugeuka katika nafasi ndogo macho yakitazama anakokwenda badala ya kutazama gurudumu, na kuandika namba nane kwa magurudumu. Aliiangusha mara moja, ikiwa imesimama. Plastiki ikachunika. Alituambia kuwa mchubuko ule ulimpa raha ajabu, kwani tangu hapo aliacha kuitunza kama pambo akaanza kuitumia kama chombo.

Kisha breki. Hapa ndipo tulipojifunza jambo tusilolijua. Wengi hukanyaga breki ya nyuma kwa sababu wanaogopa ya mbele kuwa itawarusha. Lakini chombo kikisimama uzito wote hukimbilia mbele, gurudumu la nyuma hubaki jepesi, na likikazwa huteleza. Breki ya mbele ndiyo isimamishayo kwa sehemu kubwa, ila isibanwe kwa ghafla. Kijana alimweleza mama yake hivi: "Ni kama kukamua tui, mama. Kwanza taratibu, mpaka ulisikie limeshika, ndipo uongeze nguvu." Mama akacheka, mara ya kwanza tangu tufike.

Tulirudi pwani siku ya kumi. Habari zilizofuata tulizipata kwa simu. Juma la tatu alikuwa akienda Dunga ufukweni na kurudi, jioni kabla ya giza. Huko akakutana na mawingu ya visubi wa ziwani, wadudu wasiouma lakini wanaoingia machoni na mdomoni. Akajua kwa nini kioo cha kofia hufungwa hata katika joto. Juma la nne alianza tena njia ya kazini: kupita uwanja wa ndege, Otonglo, Kisian inakogawanyika njia ya Bondo, kisha kupanda hadi Maseno, pale mstari wa ikweta unapoikata barabara. Mikono haikufa ganzi tena. Shingo ilipona. Alisema alifika kazini siku moja akagundua hakuiwazia pikipiki hata mara moja njia nzima.

Alilisema kwa furaha, nasi tukafurahi. Tulikosea sote.

Juma la saba, karibu na Otonglo, bodaboda mmoja aliyebeba magunia alikata kona mbele yake bila ya kuashiria. Kijana wetu alikuwa hakimbii. Lakini alikuwa amestarehe: vidole viwili havikuwa tena juu ya breki, macho yalikuwa karibu, akili ilikuwa katika somo la kidato cha tatu. Mguu ukakanyaga ya nyuma kabla ya mkono kukumbuka ya mbele. Gurudumu likateleza, akalala ubavu, akaburuzika hatua chache. Lami ilikula kiwiko cha jaketi ikaacha kiwiko cha mtu. Kofia iligonga chini mara moja. Bodaboda alirudi, akamwinua, akaomba radhi mara nyingi, akamsaidia kuinyanyua pikipiki.

Kijana alikaa kando ya barabara, akampigia simu mama yake. Dada yetu anasema hilo ndilo analolishukuru kuliko yote: alimpigia yeye, hapo hapo, na kumweleza kila kitu. Miezi miwili nyuma angelificha.

Usiku ule mwalimu alifanya wanavyofanya walimu, akasoma. Alimsomea mama yake habari za uchunguzi uliofanywa na Harry Hurt na wenzake wa Chuo Kikuu cha Southern California, uliochapishwa mwaka 1981. Walizichunguza ajali 900 za pikipiki katika eneo la Los Angeles, wakienda mahali penyewe palipotokea ajali. Waligundua kuwa zaidi ya nusu ya waendeshaji walikuwa na chini ya miezi mitano juu ya pikipiki ile waliyopatia ajali, ingawa kwa wastani walikuwa na uzoefu wa karibu miaka mitatu wa kuendesha. Waligundua pia kuwa pale pikipiki ilipogongana na chombo kingine, mara nyingi kosa lilikuwa la chombo kile kingine kumkatia njia mwenye haki ya kupita; na kwamba waendeshaji wengi walizidisha breki ya nyuma na kuisahau ya mbele. Ni nchi nyingine na zama nyingine, lakini kijana alijiona mwenyewe katika kila mstari.

Basi hapo ndipo lilipo somo letu la juma hili. Kustarehe juu ya chombo ni kwa namna mbili. Kuna kuuondolea mwili taabu: vishikio, springi, tairi, namna ya kukaa. Hilo ni wajibu, kwa maana mwenye maumivu hana akili ya kuangalia barabara, na mwili ni amana. Na kuna kuiondolea nafsi hofu. Hilo likija mapema ni mtego. Juma la kwanza hofu ilimlinda kijana wetu. Juma la saba ilikuwa imeondoka, na ustadi ulikuwa haujafika kuchukua nafasi yake. Kati ya kuondoka kwa hofu na kufika kwa ustadi kuna nafasi tupu, na ndani yake ndimo vijana wetu wengi wanamozikwa. Dua ya kupanda chombo tunaisoma, na tuisome. Lakini tawakkul haianzi kabla ya kamba kufungwa.

Mama na mwana wakawekeana ahadi. Hadi itimie miezi mitano tangu siku ya kununua, kijana hatabeba mtu, hataendesha usiku, na atatuma ujumbe akifika kazini na akianza kurudi. Kila Jumapili moja ya mwezi atarudi uwanjani kufanya mazoezi ya breki, hata kama anajiona anajua. Na mama kwa upande wake hatafunga mlango.

Mtihani wa ahadi ulikuja tukiwapo, safari hii ya pili. Binti wa nyumba, aliye chuoni, alichelewa matatu akamwomba kaka yake ampeleke. Mama alinyamaza, akatazama. Kijana akasema, "Bado miezi miwili, dada yangu. Nitakupa nauli ya bodaboda." Binti alinuna, tena alinuna sana, akasema kaka anampenda mwenye bodaboda asiyemjua kuliko anavyojiamini mwenyewe. Kijana akamjibu kuwa kiti cha nyuma cha pikipiki ile ni chembamba na kiko juu, kimewekwa kwa ajili ya kuonekana tu, na kwamba kumbeba mtu ni kujifunza upya, kwani breki na kona zote hubadilika.

Nasi kwa kuwa mazungumzo yalifikia kubebwa, tunawakumbusha dada zetu mambo ambayo hayahusu pikipiki ya michezo peke yake. Buibui, mtandio na leso vina njia ya kuteremka polepole hadi kwenye mnyororo na miale ya gurudumu, na nguo ikinaswa haimvui mtu, humvuta. Kabla ya kuondoka, kusanya pindo lote ulikalie, funga ncha za mtandio ndani, na vaa suruali chini ili usihitaji kukaa upande, kwani anayekaa upande hana pa kujishikia. Sheria ya Kenya inamtaka abiria awe mmoja tu, naye avae kofia na jaketi ya kuakisi mwanga kama mwendeshaji. Tunajua wengi wetu huikataa kofia ya bodaboda kwa ajili ya jasho la wengine. Basi nunua yako, au vaa kitambaa chembamba chini yake. Tafiti zilizokusanywa pamoja zimeonyesha kuwa kofia hupunguza vifo vya waendeshaji wanaopata ajali kwa takriban asilimia 42, na majeraha ya kichwa kwa asilimia 69. Na mtoto mchanga aliyefungwa mgongoni hana kofia wala pa kushika.

Siku ya kuondoka kwetu, dada yetu alitoa mfuko kabatini. Alikuwa amekwenda Kibuye peke yake, akachagua jaketi nzito ya mtumba yenye pedi za mabega na viwiko, akaishonea kwa mkono wake ukanda wa kuakisi mwanga mgongoni. Ile ya kwanza, yenye kiwiko kilicholiwa na lami, ameitundika nyuma ya mlango. Kijana alitaka kuitupa, mama alikataa.

Alasiri ile tuliketi naye uani tukingoja gari la usiku. Magharibi ilipokaribia akanyamaza, akainamisha kichwa upande wa lango. Tukamuuliza, "Bado unaogopa?" Akasema, "Kila siku. Lakini sasa naujua mlio wake. Nikiusikia anapunguza gia mapema pale kwenye tuta la msikiti, najua leo alikuwa akiangalia barabara."

Mlio ukaja, ukapungua mapema. Dada yetu akasimama kwenda kufungua lango.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu awahifadhi vijana wetu wote, walio juu ya magurudumu na walio chini. Wa billahi tawfiq.